NYUMBA ZA WAFANYA KAZI: SAUTI YA MAGUNGA

(Maneno ya katibu wa tawi mbele ya mkutano wa wanachama)



Neno langu ni juu ya nyumba, na fedha tunazokatwa kwa ajili yake.

Kila mwezi mwenye mshahara wa Sh. 20,000 hukatwa Sh. 300, na mwajiri wake hutoa Sh. 300 nyingine. Kwa mwaka mzima ni Sh. 7,200. Makato haya yalianza mwaka 2023. Tarehe 28 Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ilisema hayapatani na Katiba, na sababu mojawapo ni kuwa mzigo walitwikwa wenye mshahara peke yao. Bunge likatunga sheria nyingine, ikatiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024, nayo ikawaingiza hata wasioajiriwa.

Hapa sokoni Magunga watu hawasemi neno moja. Mwalimu aliyeletwa huku kutoka mbali, naye anapanga chumba cha mabati, asema: "Heri serikali ijenge, nipate pa kulala." Mwenye boma lake katika vilima vya Gwassi asema: "Ardhi ya baba ninayo. Nataka saruji na mabati, sitaki chumba cha ghorofa mjini." Wa tatu asema: "Sikatai kutoa. Nakataa kutoa nisichokiona."

Ndugu zangu, wote watatu wana haki, na tusikubali kugombanishwa. Sheria hiyo ya 2024 haikutaja miji tu. Imetaja na nyumba za mashambani. Basi wa Gwassi adai fungu lake, na mwalimu adai lake.

Lakini jihadharini na jambo moja. Wafanya kazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1939, kodi ya nyumba ilikuwa katika malalamiko yao. Haki tuliyo nayo leo haikuanguka kutoka mbinguni. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa, au amlipe posho ya kutosha kupanga nyumba. Makato mapya hayakuifuta. Mwajiri akikuambia, "Serikali sasa inakujengea, posho basi," usitie sahihi. Njoo kwanza kwenye chama.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, kila mmoja atunze hati zake za mshahara, tujue amekatwa kiasi gani. Pili, tuiulize serikali kwa barua: katika Suba Kusini zimejengwa nyumba ngapi, na mkopo wa kujenga shambani huombwa wapi? Tatu, posho ya nyumba isiguswe.

Anayetoa ana haki ya kuuliza. Tuulize pamoja, maana sauti ya mmoja hupotea sokoni.