Mtu Mzima Kwenye Rejesta ya Sekondari

Nchini Tanzania mtu mzima aliyekosa sekondari anaweza kupata cheti cha kidato cha nne bila kuwahi kuwa mwanafunzi wa shule yoyote ya sekondari. Hujisajili kwa Baraza la Mitihani la Taifa kama mtahiniwa wa kujitegemea, hupangiwa kituo, na siku ikifika hufunua karatasi ile ile anayoifunua kijana wa shule. Akifaulu, cheti chake kina uzito ule ule. Kinachowatenganisha ni namba tu: ya mwanafunzi wa shule huanza na herufi S, ya mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Haki ya kutahiniwa, basi, mtu mzima anayo. Haki ya kufundishwa ndiyo yenye walakini, kwa kuwa jina lake haliingii kwenye rejesta ya shule, na katika mfumo wa elimu ya Tanzania karibu kila kitu hufuata rejesta: mwalimu, kitabu, maabara na fedha.

Aliyeishia darasa la saba haruhusiwi kuurukia mtihani wa kidato cha nne. Hutakiwa kwanza kufaulu Mtihani wa Maarifa, ambao kila mtu huuita QT, wenye kiwango cha kidato cha pili. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imeipangia safari hiyo miaka miwili: hatua ya kwanza hukusanya masomo ya kidato cha kwanza na cha pili, hatua ya pili ya kidato cha tatu na cha nne. Mtu ambaye hajashika daftari kwa muda mrefu hutarajiwa kumaliza katika miaka miwili, baada ya kazi, kile ambacho kijana hupewa miaka minne ya mchana kutwa. Ufupi huo hutajwa kuwa ni unafuu. Kwa mwenye msingi mzuri ni unafuu kweli. Kwa wengine ndio unaowakwamisha.

Hali hii ina historia, na historia yenyewe haikuanza kwa uchoyo. Serikali ya Tanzania ilimthamini mwanafunzi mtu mzima kuliko serikali nyingi za wakati wake. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Zikafuata kampeni za redio na vikundi vya kusikiliza: Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973, Chakula ni Uhai mwaka 1975. Madarasa ya kisomo yalifunguliwa katika shule za msingi, kwenye ofisi za vijiji na chini ya miembe, na kufikia mwaka 1986 takwimu rasmi zilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamebaki asilimia 9.6 tu. Juu kabisa ya ngazi nako mtu mzima alikaribishwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na uzoefu wa kazi ukahesabiwa kuwa sifa ya kusomea shahada.

Kati ya kisomo na chuo kikuu palikuwa na pengo, nalo ni sekondari. Wakati elimu ya msingi kwa wote ilipokuwa ikienezwa nchi nzima hadi mwaka 1977, nafasi za sekondari ziliendelea kupangwa kwa kukadiria idadi ya makarani, mafundi sanifu na wataalamu ambao nchi ingewahitaji. Waliomaliza darasa la saba walikuwa wengi, waliochaguliwa wachache. Mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano akikosa nafasi, hapakuwa na mahali ambapo angeweza kuidai tena akiwa na miaka thelathini. Alichobakiwa nacho ni masomo kwa njia ya posta. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyozaliwa mwaka 1960 kama tawi la Chuo Kikuu cha Makerere, ikawa idara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha ikapewa sheria yake mwaka 1975, ndiyo iliyoyasimamia. Kijitabu kilisafiri kwa basi, majibu yakarudi kwa bahasha, na mwanafunzi hakumwona mwalimu wake. Posta ilikuwa suluhisho la heshima katika nchi ambayo wilaya nyingine hazikuwa hata na sekondari moja.

Nchi hiyo haipo tena. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizaa shule za kata, na ndani ya miaka michache sekondari ya Serikali ikawa jirani wa karibu kila familia. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, ya cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini aliyemaliza darasa la saba mwaka 1999 na kukosa nafasi alikuwa amekwishavuka umri shule ya kata ilipojengwa. Pengine alibeba mawe ya msingi wake, maana shule nyingi za kata zilisimama kwa michango na nguvu za wananchi. Leo watoto wake wanasoma humo bila ada. Yeye akitaka elimu ile ile hulipia masomo ya jioni kwingine, na hulipa mwenyewe ada ya mtihani ambayo Serikali humlipia mwanawe.

Mwaka huo huo wa 2004 jambo jingine lilitokea, ambalo halitajwi pamoja na shule za kata ingawa linapaswa kutajwa. Kidato cha nne kilifanywa kuwa sifa ya chini ya kuajiriwa katika utumishi wa umma. Uhakiki wa vyeti ulipofanyika mwaka 2017, watumishi wa darasa la saba walijikuta wakiondolewa kazini, na mwaka uliofuata Serikali ilitoa tamko bungeni kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warejeshwe. Tangu hapo dereva, mlinzi na mhudumu wa ofisi wanajua kwamba cheti cha kidato cha nne ndicho kinga ya mkate wao.

Ukifika kwenye kituo cha jioni cha mjini, mara nyingi ndani ya darasa la kukodi, unayakuta makundi mawili yaliyobanwa pamoja. Kundi la kwanza ni vijana wanaorisiti: walimaliza kidato cha nne juzijuzi, matokeo hayakuwa mazuri, na wanachotaka ni kufanya maswali ya mitihani iliyopita. Kundi la pili ni watu wazima wa QT, ambao hawakuwahi kuona maabara. Mwalimu wa kituo, ambaye aghalabu ni mwalimu wa shule ya Serikali anayetafuta nyongeza ya kipato, hulipwa kutokana na ada za waliohudhuria. Hivyo huwafundisha walio wengi. Mama lishe aliyekuja saa kumi na moja, baada ya kuosha masufuria, hukuta ubaoni swali la mwaka jana likiwa limeshajibiwa nusu. Hunakili. Baada ya wiki sita au saba huacha kuja, na hakuna anayemtafuta, kwa sababu hakuna rejesta inayoonyesha kwamba hayupo.

Lugha ndiyo inayowaangusha wengi, na hapa inafaa kukaa kidogo. Shule ya msingi ya Serikali hufundisha kwa Kiswahili. Sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Kijana hupewa muda wa kuvuka, japo muda huo nao hautoshi: ana kidato cha kwanza chote cha kubabaika, ana wenzake, ana mwalimu wa Kiingereza vipindi kadhaa kila wiki. Mtu mzima hana muda huo. Mkulima wa Lushoto anajua jinsi mvua inavyobeba udongo wa shamba lisilo na matuta. Ameuona ukishuka bondeni na kuugeuza mto rangi. Swali la jiografia linamwomba aeleze sababu za jambo hilo na njia za kulizuia. Jibu analo, tena lenye mifano ambayo mtahini angefurahi kuisoma. Analikosa kwa sababu limeulizwa kwa Kiingereza na linatakiwa lijibiwe kwa Kiingereza. Mtaala unaomwingiza mtu wa namna hii moja kwa moja kwenye masomo saba, bila miezi kadhaa ya Kiingereza peke yake, unampangia kufeli. Kuanza na Kiingereza peke yake hakuhitaji sheria mpya wala jengo jipya, na kungepaswa kuwa marekebisho ya kwanza.

Masomo ya sayansi yana shida yake. Vitendo huhitaji maabara, na maabara iko shuleni, imefungwa, na funguo anazo mtu ambaye hawajibiki kwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kadhalika alama za maendeleo, zinazokusanywa shuleni na kumsaidia mwanafunzi katika matokeo ya mwisho, mtahiniwa wa kujitegemea hana. Hatima yake yote imo kwenye karatasi za siku chache.

Je, dawa ni kumkalisha mtu mzima kidato cha kwanza asubuhi, pamoja na watoto? Mfano unaotajwa kila mara ni wa Mkenya Kimani Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84 katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka mmoja baada ya Kenya kufuta ada ya shule za msingi. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama wenzake, akachaguliwa kiranja, na mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuzungumza kuhusu elimu ya msingi bila malipo. Alistahili heshima yote aliyopewa. Lakini kisa chake hakifai kuwa kanuni ya sekondari. Darasa la wenye miaka kumi na minne linahitaji ulinzi wa pekee, na wazazi wanaohofia kumchanganya binti yao na wanaume wa miaka thelathini hawakosei.

Kanuni zenyewe za shule ziliandikwa kwa ajili ya mtoto. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 zinaitaja ndoa kuwa sababu ya kufukuzwa shule. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka thelathini kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Sheria hiyo inamlinda msichana na ibaki. Ila mwanamke aliyeolewa kihalali, mwenye watoto watatu, akiandikishwa kuwa mwanafunzi wa kawaida, mume wake anawekwa katika hali ambayo mtunga sheria hakuikusudia. Adhabu ya viboko nayo, ambayo mkuu wa shule anaruhusiwa kuitoa, haiwezi kumhusu mtu mzima bila kumdhalilisha.

Hatua ya Novemba 2021 ilionyesha kwamba rejesta inaweza kufunguliwa. Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua, waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida, na waraka ukatolewa. Uamuzi huo ulikuja baada ya miaka mingi ya wasichana kufungiwa nje, na ni wa haki. Unamfaa aliyetoka shuleni karibuni. Mwanamke aliyefukuzwa kwa mimba miaka ya tisini, ambaye leo ana wajukuu, haumfikii. Yeye amebakiwa na QT ile ile. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Uswidi, vinampokea kwa ushonaji, kilimo au upishi, na baadhi vina mahali pa kulelea watoto wakati mama yuko darasani. Hilo la malezi lingeigwa na kila kituo cha sekondari ya watu wazima.

Kinachowezekana, basi, ni mkondo wa watu wazima ndani ya shule ya kata yenyewe, unaoanza baada ya watoto kutoka. Madawati yapo, ubao upo, maabara ipo. Kwa mkondo huo kuwa wa kweli yanahitajika mambo ambayo darasa la kukodi haliwezi kuyatoa. Majina yaingie kwenye rejesta ya shule chini ya sehemu yake, ili mkuu wa shule awajibike kwa mahudhurio na matokeo yao kama anavyowajibika kwa wengine. Ruzuku ya uendeshaji, ambayo hupigwa kwa hesabu ya wanafunzi, iwahesabu nao, hata kwa kiwango kidogo. Mwalimu alipwe posho ya vipindi na halmashauri, si kwa michango ya waliofika siku hiyo. Posho isiyotegemea idadi humruhusu kumfundisha mwanafunzi wa mwisho. Kanuni za ndoa, sare na viboko ziandikwe upya kwa mkondo huo peke yake. Alama za maendeleo zikusanywe na kupelekwa Baraza kama za mwanafunzi mwingine yeyote.

Umeme na ulinzi si mambo madogo. Shule ya kata isiyo na taa haiwezi kufundisha baada ya saa kumi na mbili, na mwanamke anayerudi nyumbani kwa miguu gizani ataacha masomo hata mwalimu awe hodari kiasi gani. Vijijini, ambako msimu wa kulima hauna siku ya kupumzika, ratiba inayoiga ya mjini haitafanya kazi. Masomo ya Jumamosi na Jumapili, na muhula mrefu baada ya mavuno, yanafaa zaidi. Halmashauri ndiyo inayojua kalenda ya mashamba yake, na ndiyo inayopaswa kuipanga ratiba hiyo.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inafanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mpango huo ukikamilika, kila Mtanzania mpya atatarajiwa kuwa na kidato cha nne, na waajiri watakichukulia kuwa cha kawaida kama wanavyokichukulia leo kisomo. Walio na umri wa miaka thelathini na zaidi, waliozaliwa kabla ya shule za kata, watakuwa sokoni pamoja na vijana hao kwa miongo miwili au mitatu zaidi. Ndio waliochangia mifuko ya saruji iliyojenga madarasa, na muda wa kuwaandikisha katika madarasa hayo ni huu, wakiwa bado na umri wa kufanya kazi.