Hotuba juu ya Fataki za Sikukuu ya Taifa



Leo twataka kusema habari ya fataki, ambazo wengine wa pwani huziita fashifashi, yaani ile mioto ya rangi irushwayo juu usiku wa sikukuu. Huenda mtu akasema kwamba hili ni jambo la mchezo tu, lafaa watoto. Twaomba msikilize kwa subira, maana katika nchi ya Marekani mchezo huu uliwaua watoto wengi, na dawa yake haikutoka hospitali peke yake. Ilitoka pia katika mabaraza ya miji.

Sikukuu kubwa ya Wamarekani ni tarehe 4 Julai, kwa kuwa siku hiyo katika mwaka 1776 wakuu wao waliikubali hati ya kujitenga na utawala wa Mfalme wa Uingereza. Siku moja kabla yake, John Adams, ambaye baadaye alikuwa Rais wa pili, alimwandikia mkewe kwamba siku ya uhuru ingefaa kushangiliwa kwa mizinga, kengele na mioto, toka upande mmoja wa nchi hata upande wa pili. Yeye alidhani siku itakayokumbukwa ni tarehe 2, ndiyo siku baraza lilipopiga kura. Habari ya tarehe alikosa, habari ya mioto alipata. Mwaka 1777 mji wa Philadelphia ulifanya sherehe, na usiku fataki zikarushwa katika uwanja wa watu wote, zikaanza kwa roketi 13 na kuisha kwa roketi 13, hesabu ya majimbo yaliyoungana wakati ule.

Angalieni: uwanja ulikuwa wa watu wote, na warushaji walikuwa wachache. Lakini baadaye fataki zilipokuwa bidhaa rahisi madukani, kila mtu alitaka kulipua zake mlangoni pake, na baba aliyekataa kununua alionekana bahili mbele ya watoto wake. Tena ziliuzwa bastola ndogo za kuchezea, zilizotiwa baruti na kizibo cha karatasi, bila risasi, ili zilie tu. Humo ndimo mlimokuwa na mauti.

Mtoto akiishika vibaya bastola ya namna hii, kizibo humpiga katika kiganja. Jeraha lake ni dogo, kitundu tu. Mama huliosha kwa juu na kulifunga kitambaa, na mtoto hurudi kucheza. Lakini ndani kimeingia kipande cha karatasi pamoja na uchafu wa mkono uliogusa vumbi la barabara, nazo barabara za siku zile zilijaa mavi ya farasi. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, wala havipendi hewa; katika tundu jembamba lililozibika hustawi sana. Yapata juma moja baadaye, sherehe imekwisha sahauliwa, taya za mtoto hukaza, kisha shingo, kisha mgongo hupindika kama upinde. Ninyi mliokwisha kumwona mgonjwa wa pepopunda hamna haja ya maneno yetu.

Mwaka 1903 jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani lilikusanya hesabu ya nchi nzima. Likaona kwamba sikukuu ya mwaka ule iliua watu 466, na katika hao 406 walikufa kwa pepopunda. Hesabu ikapigwa chapa, na mwaka wa pili ikapigwa tena, na tena. Sisi tuishio kwa kalamu twapenda jambo hili lijulikane. Kila mtaa ulimzika mtoto wake mmoja ukasema ni amri ya Mungu. Hata jumla yao ilipowekwa katika ukurasa mmoja, ikawa vigumu kusema hivyo.

Madaktari walitaka jeraha lifunuliwe na kusafishwa mpaka ndani, na mgonjwa apigwe sindano ya kupinga sumu ya pepopunda, ambayo asili yake ni kazi ya Behring na Kitasato ya mwaka 1890. Wengine walitaka biashara yenyewe izuiwe. Katika mji wa Cleveland, tarehe 3 Julai 1908, fataki ziliwaka ndani ya duka zilipokuwa zikionyeshwa kwa wanunuzi, wakafa watu 7. Baraza la mji likapiga marufuku katika mwezi ule ule.

Basi watu walinung'unika, wakasema, Babu zetu walilipua, nasi tutalipua. Manung'uniko hayo hatuyadharau. Ukimnyang'anya mtu furaha ya sikukuu usimpe kitu badala yake, ataitafuta kwa siri, na ya siri ni mbaya zaidi. Kwa hiyo miji mingi ilipanga maandamano, michezo ya watoto na nyimbo, na usiku fataki za pamoja uwanjani, chini ya mikono ya mafundi. Mwendo huo waliuita Sikukuu ya Salama na Akili. Mwaka 1912 waliokufa walihesabiwa 41. Sheria, sindano na fataki za pamoja zilisaidiana, wala hatuwezi kuligawa fungu la kila moja.

Fataki za uwanjani hurushwa kwa mizinga midogo iliyosimamishwa. Kanuni inayofuatwa sana huko ni kwamba watazamaji wakae mbali futi 70 kwa kila inchi 1 ya upana wa mzinga. Mzinga wa inchi 6 wataka futi 420. Faida yake ilionekana San Diego mwaka 2012. Mitambo ilikosea, na fataki zilizokusudiwa kuwaka zaidi ya robo saa ziliwaka zote pamoja kwa muda usiofika nusu dakika. Watu walicheka, wengine walikasirika, lakini hakuna aliyeumia, maana zilikuwa juu ya matishari majini, mbali na watu.

Wanaolipua nyumbani wako bado. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilihesabu watu 11 waliouawa na fataki, na majeruhi waliokisiwa kuwa 14,700.

Sasa, mzee akiletewa ombi la kurusha fataki katika uwanja wa shule, licha ya kibali cha serikali, na aulize: Fundi ni nani, na amejifunza wapi? Upepo waelekea wapi, na upande huo mna nyumba za makuti au nyasi kavu? Nani atawazuia watoto nyuma ya kamba? Na swali ambalo watu husahau: Nani ataukagua uwanja? Maana fataki nyingine hupanda zisipasuke, zikaanguka nyasini na baruti yake nzima. Mafundi huutafuta uwanja mara baada ya onyesho, na kupambazuka huutafuta tena, kabla watoto hawajafika.