Majabali Mawili ya Plastiki: Kasoro za Filamu za Anga za Italia



Zitaje filamu za anga za Italia mbele ya watu wanaozijua, na kitu cha kwanza utakachosikia ni kicheko. Vyombo vya anga ni vya kuchezea, hata mtoto anaviona. Midomo ya waigizaji inakwenda kivyake na sauti kivyake. Kicheko hicho ni halali. Ninachokipinga jioni hii ni ile sababu inayotolewa kila mara, eti hawakuwa na fedha.

Mwaka 1965 Mario Bava aliongoza Terrore nello spazio. Kwa maelezo yake mwenyewe, ili kuijenga sayari nzima alikuwa na majabali mawili tu ya plastiki, mabaki ya filamu ya visasili iliyopigwa Cinecittà. Akayazidisha kwa vioo, akajaza studio moshi, akaumulika kwa taa nyekundu na za kijani. Moshi ule ule uliotia hofu ndio uliozificha kuta. Waigizaji walitoka nchi mbalimbali na kila mmoja alisema kwa lugha yake, maana desturi ya Italia wakati huo ilikuwa kupiga picha kwanza na kutia sauti baadaye. Pamoja na hayo yote, pale wasafiri wanapoingia katika chombo kilichotelekezwa na kukuta mifupa ya viumbe wakubwa kupita kiasi, hacheki mtu. Wahakiki wengi wameona jinsi tukio hilo linavyofanana na Alien ya mwaka 1979.

Sasa itazameni Starcrash ya Luigi Cozzi, ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Mfalme wa anga ni Christopher Plummer. Muziki ni wa John Barry, yule yule wa filamu za James Bond. Fedha za kuwalipa hao zilipatikana. Lakini makombora yenye askari ndani yanavunja madirisha ya ngome iliyo angani, na hakuna anayekosa pumzi. Sayari inapokaribia kulipuka, Mfalme anaiamuru meli yake isimamishe wakati, nao unasimama! Mwandishi hakututayarishia uwezo huo hata kidogo. Kuutaja mapema kungegharimu mistari miwili ya muswada, na sijui kifaa cha sinema kilicho rahisi kuliko kalamu.

Chanzo cha kasoro hizi ni haraka ya soko. Filamu ya kigeni ikivuma, wasambazaji walitaka ya kufanana nayo kabla uvumi haujapoa. Baada ya Star Wars ya 1977, Alfonso Brescia, kwa jina la Al Bradley, alitoa mfululizo wa filamu za anga zenye maleba yale yale, seti zile zile, hata vipande vya picha vile vile. Mwaka 1980 Ciro Ippolito akatoa Alien 2, bila ruhusa ya wenye Alien. Na Bruno Mattei? Filamu yake ya 1989 iliuzwa kwa jina la Terminator 2, miaka miwili kabla James Cameron hajaitoa ya kwake.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: Bava alikuwa maskini kama wenzake, ila alianza na alichokuwa nacho. Brescia alianza na bango la mwingine. Wanafunzi wa sinema mlio hapa, msinisadiki kwa maneno tu. Tazameni filamu ya Bava na Starcrash kwa usiku mmoja, ya Bava kwanza, kisha mje mnibishie.