BETRI ZA KEEKEE HAZIJAI: TUCHUNGUZE KABLA YA KUGUSA FEDHA YA MBOLEA

(Mazungumzo ya kamati ya karakana mbele ya mkutano wa wanachama. Yamenakiliwa hapa ubaoni kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Tumesimama kwa ajili ya keekee yetu ya betri. Kazi yake mnaijua: milango, vitanda, madawati ya shule, na siku hizi mizinga ya nyuki. Malalamiko yaliyoletwa ni kwamba betri zake zote 3 hazijai. Ikatolewa hoja tuchukue sehemu ya fedha tuliyoweka kwa mbolea tununue 3 mpya. Na maneno mengine yamepita huko kisimani, kwamba vijana walioazima keekee kwa kazi zao ndio walioziua. Sisi tuliomba siku 4 za kuchunguza. Basi tulichokiona ni hiki.

Kwanza ieleweke kwamba neno "haijai" linaficha mambo matatu yasiyofanana. Kuna betri ambayo chaja inaikataa tangu mwanzo. Kuna ambayo chaja inaanza kuijaza, halafu inaacha kabla ya wakati. Na kuna ambayo inajaa kweli, lakini ukifunga skrubu 20 imekwisha. Hii ya mwisho wala si ugonjwa wa kujaa. Ni udogo wa tumbo, au ni uzee. Mtu akikuambia "haijai", muulize ni ipi kati ya hizo.

Tulianza na chaja, kwa kuwa ni moja na betri ni 3. Tukasoma maandishi yaliyo nyuma yake: inapokea volti 100 mpaka 240. Vizuri, umeme wetu ni wa 230. Lakini jihadharini na vifaa vinavyoletwa na ndugu kutoka Marekani. Chaja yenye kuandikwa 120 peke yake ukiichomeka kwenye tundu la ukutani hapa, imeungua palepale. Kisha tukajaribu tundu lingine, bila kutumia ule waya mrefu wenye viungo vingi. Chaja ni nzima. Taa yake inawaka vizuri.

Halafu joto. Wengi wetu tunatoboa mpaka betri iwe ya moto, kisha hapohapo tunaipeleka kwenye chaja. Chaja nyingi zina akili ya kupima joto la betri, na ikiwa moto sana hazianzi, zinasubiri. Taa inapepesa, mtu anasema imekufa. Na chaja yetu ilikuwa imewekwa juu ya kabati, chini kidogo ya bati! Saa 8 mchana mle ndani hata mkate ungeiva. Tumeihamishia chini, upande wa dirishani kwenye kivuli. Betri ikitoka kazini ikae kama nusu saa ipoe, ndipo ichajiwe.

Sasa betri zenyewe. Tumeziandika namba.

Namba 1 ndiyo ile ambayo chaja ilikuwa inaikataa, mara inakubali, mara inakataa. Tuliigeuza tukatazama zile bati ndogo zinazoshikana na chaja. Lo! Vumbi la mbao limechanganyika na utomvu wa msonobari, limegandamana kama ugali uliobaki chunguni. Tulisafisha kwa mswaki mkavu, kisha kitambaa chenye spiriti kidogo, tukaacha ikauke kabisa. Msitumie msasa wala ncha ya kisu. Msasa unakwangua ile ngozi ya juu ya bati, na kisu kikigusa bati mbili kwa pamoja cheche zinatoka. Baada ya hapo ilichaji mpaka mwisho, na mita ikasoma volti 20.6. Namba 1 haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa chafu tu.

Hapa tueleze hesabu ya volti, maana ndiyo inayoamua mengi. Betri yetu imeandikwa 18. Ndani yake kuna seli za lithiamu zilizopangwa mstari wa 5. Kila seli ikijaa kabisa ina volti 4.2, na 4.2 mara 5 ni 21. Kwa hiyo betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi isome baina ya 20 na 21. Ikiwa chaja imesema tayari na mita inasoma 19, kuna jambo. Anayepima aweke mita kwenye volti za betri, aguse alama ya kujumlisha na ya kutoa tu, na zile ncha mbili za mita zisikutane.

Namba 2 ndiyo mgonjwa hasa. Ni ya 4.0, na chaja yetu inatoa ampea 2, kwa hiyo ikiwa tupu ingechukua saa 2 na zaidi kujaa. Yenyewe ilitolewa kazini haina kitu, na baada ya dakika 12 chaja ikasema basi. Mita ikasoma 19.1. Ilipolala usiku mmoja bila kutumika, asubuhi ilikuwa 18.3. Inavuja yenyewe kwa yenyewe.

Chukueni mfano wa debe 4 na kopo 1, vyote vinajazwa kwa mifereji inayotoa maji sawasawa, na mwenye mifereji ana amri ya kufunga yote mara chombo kimoja kikijaa. Kopo litajaa upesi, atafunga, na madebe yatabaki na maji ya chini. Seli moja ikidhoofika katika mstari wa seli 5, mambo huenda hivyo hivyo. Kibao cha umeme kilichomo ndani ya betri kinalinda ile dhaifu isizidishiwe, kwa hiyo kinasimamisha zote.

Ndugu yetu mmoja, fundi wa redio, alijitolea kuifungua na kuweka seli iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu. Mwingine akasema tuunganishe nyaya kutoka betri nzima ili tuiamshe kwa nguvu. Tunawashukuru, lakini tumekataa yote mawili. Seli iliyoshuka sana ikakaa hivyo muda mrefu huweza kuharibika ndani, na ikilazimishwa kujazwa inashika moto. Karakana yetu ina maranda ya mbao mpaka magotini. Tusicheze.

Namba 3 ilitushangaza. Inachaji hadi mwisho, mita inasoma 20.8, haina kasoro. Lakini inakwisha haraka kuliko zote, ingawa juu imeandikwa 6.0. Tulikwenda kwenye mizani ya dukani. Namba 1, iliyoandikwa 4.0, ina gramu 640. Namba 3 ina gramu 380. Seli moja ya kawaida ya milimita 18 kwa 65 ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na inabeba kama ampea-saa 3. Ili ifike 6 zinatakiwa seli 10, na hizo peke yake zinakaribia nusu kilo kabla ya kuhesabu ganda. Basi ndani ya namba 3 seli 10 hazimo. Yalikuwa maandishi tu. Hakuna kijana aliyeiua; ilinunuliwa hivyo, mpya, kwenye boksi lake.

Na lile shauri la wazee wa redio, kwamba betri imalizwe kabisa ndipo ichajiwe, lilifaa kwa betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Kwa lithiamu linadhuru. Keekee ikianza kuchoka, acha, peleka ikachajiwe. Na kama haitatumika wiki nzima, ihifadhiwe ikiwa nusu, mahali pa baridi.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, hoja ya kununua betri 3 tunaomba iondolewe. Inatakiwa 1, badala ya namba 2. Atakayetumwa mjini achukue namba 1 mfukoni na aombe mizani dukani kabla ya kulipa. Namba 3 itumike kwa skrubu ndogondogo.

Namba 2 imefungwa utepe kwenye bati zake, imo katika ndoo ya mchanga nje, nyuma ya karakana, mpaka ipelekwe mjini kwa wanaopokea betri mbovu. Isitupwe chooni wala motoni, na akina mama tunaomba watoto wasiikaribie. Mita ipo kwa mtunza ghala, kila siku ya kazi hadi saa 10.