"MAMA YAKE YUKO WAPI?"

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari mjini Dodoma, wiki ya kufunga shule

Vijana wenzangu, najua mawazo yenu yameshapanda basi. Mitihani imekwisha, mvua za kwanza zimeanguka, na wengine mkifika nyumbani mnakabidhiwa jembe. Wengine mtatumwa stesheni kupokea wageni, maana tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mashangazi wa Dar es Salaam hawana tena kisingizio cha kutokuja Krismasi.

Kwa hiyo sitawachosha. Mlidhani nimekuja tena na mambo ya UKIMWI. Hapana. Leo nataka tuzungumze juu ya swali moja tunalopenda kuliuliza siku za sikukuu, tena mdomo ukiwa umejaa pilau.

Hapa mjini yuko mama mmoja Mzungu, mwalimu. Yeye na mumewe wamemwasili mtoto wa kike, Mtanzania. Sitataja jina wala mtaa, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha wasitambulike, lakini mama mwenyewe kaniruhusu kusimulia. Nilikutana naye soko la Sabasaba, mkesha wa Krismasi, miaka mitatu iliyopita. Mimi nilikuwa natafuta mchele na viungo. Yeye kamshika mkono binti wa miaka sita. Nikamsifu mtoto, kisha nikamwuliza muuza vitunguu, nikidhani yule mama hasikii Kiswahili: "Na mama yake yuko wapi?"

Aliyenijibu ni mtoto. Kanyoosha kidole: "Huyu hapa."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Mimi, msomi wa chuo kikuu, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha watu namna ya kuzungumza na watoto! Yule mama hakunigombeza. Alinisalimia kwa Kiswahili safi, akaniuliza nafanya kazi wapi, na ndivyo tulivyoanza urafiki. Lakini baadaye aliniambia kwamba siku hiyo nilikuwa mtu wa nne.

Msicheke. Hebu sikilizeni mengine anayoulizwa, tena mtoto akiwa hapo hapo: Mlimwokota wapi? Mlilipa shilingi ngapi? Mnampeleka Ulaya lini? Na mtoto naye anaambiwa na watu wazima, "Una bahati wewe!" Bahati gani? Huyu mtoto alifiwa na mama yake kabla hajajua kutembea. Ukimwambia ana bahati unamfunga mdomo, kwa sababu mwenye bahati haruhusiwi kulia. Wala haya si ya Wazungu peke yao. Mama wa Kigogo aliyemzaa mwenyewe mtoto mwenye ualbino anaulizwa hayo hayo kwenye daladala.

Sasa, kuhusu kulipa. Mtoto hanunuliwi. Kuasili mtoto ni jambo la Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Ofisa Ustawi wa Jamii anachunguza kwanza. Usichanganye na malezi ya kambo, ambayo ni ya muda. Mahakama ikishatoa amri ya kuasili, mtoto ni wako kama uliyemzaa. Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 6, inasema pia kwamba mtoto ana haki ya kuwa na jina, kuwa na uraia, na kuwajua wazazi waliomzaa na ukoo wake. Hilo la mwisho nitalirudia sasa hivi.

Nilimwuliza mama huyu: Krismasi kwenu inakuwaje? Akasema, "Ya kwanza niliiharibu mwenyewe."

Alifanya Krismasi ya kwao. Mti ukapambwa, pamba ikatandazwa kuwa theluji (theluji, Dodoma, mwezi wa Desemba!), sanduku la zawadi likaja kutoka kwa bibi wa Ulaya, na bibi mwenyewe akaimba kwenye simu kwa lugha ambayo mtoto alikuwa hajaijua vizuri. Katikati ya chakula mtoto akauliza: "Mama aliyenizaa anakula wapi leo?"

Mama akajibu, "Mama yako ni mimi. Kula."

Mtoto akaweka kijiko chini. Jioni akalalamika tumbo. Akapelekwa hospitali, akapimwa, hakuna malaria, hakuna amiba. Wiki iliyofuata akaanza kukojoa kitandani, kitu ambacho alikuwa ameshaacha. Ninyi mnaojifunza Biolojia mnajua kwamba mwili na mawazo havikai nyumba mbalimbali. Mtoto mwenye huzuni asiyokuwa na maneno yake, mara nyingi huisema kwa tumbo, kwa kichwa, kwa hasira, kwa kukosa usingizi. Na sikukuu huchokoza, kwa sababu siku hiyo kila mtu anahesabu ndugu zake.

Hapa nataka mjue habari za mshairi mmoja wa Uingereza, Lemn Sissay. Mama yake alikuwa Mwethiopia aliyekwenda kule kusoma. Mwaka 1967 akajifungua, akaomba mtoto atunzwe kwa muda mfupi ili amalize masomo. Ofisa ustawi akambadilisha mtoto jina, akamwita Norman, akampa familia ya Wazungu na kuwaambia wamchukue kama wa kwao. Wakamlea wakimwambia wao ndio wazazi wake wa daima. Alipofika miaka 12 wakamrudisha serikalini, akamalizia utoto wake kwenye makao ya watoto. Alipotoka huko akakabidhiwa karatasi zake. Ndipo akaona jina lake halisi, na barua ya mwaka 1968 ambayo mama yake aliandika akimtaka mwanawe. Miaka yote hiyo hakuwahi kuambiwa. Na hilo jina, Lemn, kwa Kiamhari maana yake ni "kwa nini".

Mwaka 2013, mjini Manchester, mshairi huyo alianzisha chakula cha Krismasi kwa vijana waliotoka kwenye makao, wa miaka 18 hadi 25, wasio na mahali pa kwenda siku hiyo. Meza, chakula, zawadi, na hakuna anayeulizwa wazazi wako wako wapi.

Turudi Dodoma. Mwaka uliofuata mama yetu alikwenda kwa Ofisa Ustawi wa Jamii, akasaidiwa kumtafuta bibi mzaa mama. Wakampata kijijini, mwendo wa saa mbili kwa gari. Tarehe 26 Desemba wakaenda na sukari, kanga na mafuta ya kula. Bibi alikuwa shambani anapanda uwele. Alimtazama mtoto muda mrefu, kisha akampitishia kidole kwenye paji la uso, akasema, "Hili ni la mama yako hasa." Akawapeleka kwenye kaburi. Mtoto hakulia. Aliuliza tu kama mama alipenda pilau. Bibi akacheka: "Mama yako? Yeye ni ugali wa uwele na mlenda, basi."

Nikamwuliza mama, wewe ulijisikiaje? Hakunificha. "Niliona wivu. Usiku nililia. Nilihofia atataka kubaki." Hakutaka kubaki. Njia nzima alilala mapajani mwa mama huyu. Kitanda hakikukauka siku ile ile, msidanganyike. Ilichukua miezi. Lakini maumivu ya tumbo yalipungua, na siku hizi watu wakimwuliza sokoni, mtoto anajibu mwenyewe: "Nina mama wawili, mmoja amefariki. Wewe je?"

Humu ukumbini huenda yupo anayelelewa na mjomba, na shangazi, au na mtu asiye wa damu yake, na Krismasi inamwia nzito. Ongea na mtu mzima unayemwamini. Kama hayupo, iko namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, na si lazima utaje jina. Ninyi wengine, mkiwa na mgeni wa namna hii mezani, ulizeni anasoma darasa la ngapi. Ulizeni anashangilia Simba au Yanga. Yakiwepo mengine, atayasema mwenyewe akitaka.

Mwaka huu nimealikwa kwao tarehe 25. Mti upo, ila pamba imeondolewa, na bibi wa kijijini anakuja kulala siku mbili. Binti, sasa ana miaka tisa, kaniagiza nije na mlenda, eti wa mama yake una mchanga. Mimi mwenyewe sijui kuupika. Itabidi nimpigie mama yangu leo jioni.

Haya, nimeona mkono pale dirishani. Uliza, mdogo wangu.