Turudishe Samaki Kwanza: Hotuba ya Kamati kwa Wana-Kilwa katika Harambee ya Mwaka



Kila mwaka kabla ya harambee kamati hupokea maombi kutoka nyumbani. Yapo ya madarasa, ya visima na ya zahanati. Lakini kutoka Somanga hadi Pande, kutoka Kivinje hadi Songosongo, ombi linalorudi kila mara ni la nyavu na mashine za boti. Mwaka huu tunakuja kwenu na pendekezo tofauti, na ni haki yenu kusikia sababu zake kabla hamjatoa hata shilingi moja.

Sisi ni watu wa bahari. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji mkubwa uliojengwa na biashara ya baharini. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Wengi tuliokaa hapa tulivalishwa sare za shule kwa fedha za changu, tasi, dagaa na pweza. Kwa hiyo samaki wakipungua, kinachopungua ni ada, dawa na mlo wa jioni.

Na samaki wa mwambani wamepungua. Wazee walitega dema wakiona mapaa ya kijiji chao. Leo kijana anachoma petroli kwenda mafungu ya mbali, na akirudi anamwaga mchangani changu wa kiganja. Tukimpa kijana huyo wavu wa pili na mashine kubwa zaidi, atavua zaidi kwa msimu mmoja au miwili. Baada ya hapo atakuwa na wavu, mashine, deni la mafuta na mwamba mtupu. Samaki mkubwa hutaga mayai mengi mara nyingi kuliko mdogo. Chewa na changu wengi huanza maisha wakiwa majike na hugeuka madume wakishakua. Tukiwavua wakiwa wadogo, tunaondoa mbegu na mavuno kwa mkono mmoja. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu letu sasa linasikika likikwaruzwa chini.

Wako watakaosema kwamba samaki wetu wanamalizwa na meli za kigeni. Hoja hiyo ina ukweli wake. Mwaka 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ikivua bila kibali katika ukanda wetu wa bahari kuu, ikiwa na mamia ya tani za samaki, wale ambao wananchi waliwabatiza jina la samaki wa Magufuli. Wizi wa namna hiyo unaiumiza nchi, na kuuzuia ni kazi ya Serikali yenye meli za doria na mitambo ya kufuatilia. Lakini meli zile hufuata jodari katika maji ya kina kirefu. Hakuna meli ya kigeni inayoingia kwenye mwamba wa Songosongo kuchokoa pweza, wala kwenye nyasi za bahari kukokota juya. Uharibifu wa karibu na ufuko unafanywa na mikono inayozungumza lugha yetu.

Tuutaje kwa majina yake. Kuna juya linalokokotwa chini na kuzoa vifaranga pamoja na nyasi wanamokulia. Kuna kigumi, ambapo wavu huzungushwa mwambani, kisha matumbawe hupigwa kwa miti ili samaki watoke. Kuna nyavu za macho madogo, kuna utupa, na kuna baruti.

Baruti imekuwa jeraha la pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960. Watafiti waliosafiri pwani yote ya nchi mwezi Machi na Aprili 2015, wakiwa na vifaa vya kusikiliza sauti chini ya maji, walinasa milipuko 318. Karibu asilimia 62 ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, yaani karibu na soko kubwa kuliko yote, na karibu na hapa tulipokaa. Operesheni za Serikali zilizofuata ziliipunguza sana, na tunazipongeza. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 nayo ni kali: anayevua kwa baruti anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka mitano. Lakini tumbawe halisomi sheria. Mahali palipopigwa baruti mara kwa mara hubaki kifusi kinachosukumwa na mawimbi, na matumbawe yakijaliwa kurudi huchukua miaka mingi. Mvuvi mwenyewe hupata sehemu tu ya samaki aliowaua, maana wengine huzama na kuoza chini.

Ndugu zetu, hapa tunafika panapouma. Kijana anayekokota juya mara nyingi juya si lake. Lina tajiri, na tajiri huenda yuko mjini, anapokea fungu lake kwa simu. Samaki wa baruti naye hapotei hewani. Anauzwa, anakaangwa na kuliwa, labda nyumbani kwetu. Hatuwezi kukaa Dar es Salaam tukawalaumu wavuvi wa Kilwa huku mtaji na soko la uharibifu vikitoka huku huku.

Basi tunapendekeza nini? Tunapendekeza fedha za mwaka huu zirudishe samaki kwanza.

Kazi ya kwanza ni kufunga sehemu ya mwamba kwa ajili ya pweza. Pweza anakua haraka kuliko karibu kila kitu tunachovua. Anaishi takriban mwaka mmoja tu. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai yake bila kula, kisha hufa. Akiachwa miezi michache uzito wake huongezeka sana. Kanuni za uvuvi zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500, lakini mama anayeondoka bamvua ikitoka na kurudi na kapu tupu hawezi kulishwa na kanuni. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilifunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi kadhaa. Siku ya kufungua walitoa pweza wakubwa, na vijiji vingine vikaiga. Wenzetu wa Kisiwa Panza, Pemba, nao wamefanya hivyo. Hatusemi mwamba wote ufungwe. Ifungwe sehemu, kwa muda ulioamuliwa na mkutano wa kijiji, na akina mama wanaoutegemea mwamba huo wakiwa na sauti ya kwanza, kwa sababu wao ndio watakaobeba gharama ya kusubiri. Tutachangia maboya ya mpaka, mizani na daftari la siku ya kufungua, ili kila mtu aone kwa kilo kama subira imelipa.

Kazi ya pili ni doria. Mwamba uliofungwa bila mlinzi ni ghala lililoachwa wazi: mgeni wa dago huja usiku na kuvuna subira ya wenzake. Tunavyo vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo wote tunaviita BMU. Mpango wa RUMAKI uliounganisha Rufiji, Mafia na Kilwa ulisaidia kuvijenga, na bado wako watu wanaojitolea. Kinachowakwamisha ni mafuta, betri ya tochi na spea ya mashine. Haya ni mambo madogo ambayo watu wa ukumbi huu wanaweza kuyabeba.

Kazi ya tatu ni barafu. Samaki akiharibika kabla ya kufika mnadani, mvuvi hurudi kuvua wengine kufidia. Sanduku la barafu humpa mvuvi bei nzuri kwa samaki wachache zaidi.

Na nyavu? Nyavu tutazitoa kwa njia moja tu, nayo ni kubadilishana. Mvuvi atakayesalimisha juya au wavu wa macho madogo mbele ya serikali ya kijiji na BMU atapata wavu halali. Hatutaongeza wavu juu ya wavu. Tunajua wako watakaosema kamati imewasahau wavuvi. Tunawaomba watupe muda, na watuhukumu kwa mizani.

Yapo pia mambo matatu yasiyohitaji bahasha. Mwenye fungu katika juya, alitoe. Hatutamtaja mtu hapa, kila mmoja anajijua. Pili, tunaponunua samaki tumtazame: samaki wa baruti nyama yake hulegea, uti wa mgongo huwa umevunjika, na tumboni mna damu na utumbo uliopasuka. Tumrudishe kwa mchuuzi, na tumwambie kwa nini. Tatu, mwenye taarifa ya baruti azifikishe kwa vyombo vya dola, hata kama mhusika ni binamu. Asiyewasema leo atawapeleka hospitali kesho, maana baruti imewaondolea vijana wa pwani hii mikono na macho, na wengine maisha.

Bajeti ya kazi hizi imechapishwa ukurasa unaofuata, na fomu ya ahadi iko nyuma ya kijitabu. Kila shilingi itasomwa katika mkutano wa mwakani, pamoja na kilo za pweza zitakazopimwa siku ya kufungua mwamba. Zikiwa nyingi tutazisoma. Zikiwa chache tutazisoma vilevile, na tutawaeleza kilichotokea.

Madarasa tutaendelea kujenga, inshallah. Lakini mtoto wa Kilwa hukaa darasani pale tu bahari ya nyumbani inapomlipia ada. Tunawaomba mjaze fomu kabla hamjaondoka, na anayewajua wenzetu ambao hawakufika awapelekee kijitabu hiki.

Karibuni tuchange.