Lenzi za Usiku na Macho ya Mtoto wa Shule

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo kuhusu afya ya macho yaliyotolewa mbele ya wazazi, walezi na walimu wa kata.



Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni. Ukungu huingia machoni mwake kidogo kidogo, naye hudhani kwamba ndiyo sura ya dunia. Hukunja uso akitazama ubao, hunakili kutoka daftari la jirani, na mpira ukitoka mbali humfikia akiwa hajajiandaa. Mwalimu humwita mvivu, nyumbani huitwa mzito wa kuelewa. Kumbe tatizo si akili wala tabia, bali ni urefu wa jicho.

Jicho lenye afya hupokea mwanga kupitia konea, yaani kile kioo cha mbele, na kuukusanya juu ya retina, pazia lililo nyuma ya jicho. Jicho likirefuka kupita kiasi, mwanga hukusanyika kabla ya kufika kwenye pazia hilo. Vilivyo karibu huonekana vema, vya mbali huonekana kama vimefunikwa na moshi. Mara nyingi hali hii huanza katika umri wa shule ya msingi, na jicho huendelea kurefuka kadiri mtoto anavyokua. Anayeanza mapema ana miaka mingi zaidi ya kuzidiwa.

Hapa ndipo penye hatari. Miwani humrudishia mtoto uwezo wa kuona, lakini miwani ya kawaida haizuii jicho kurefuka. Jicho lililorefuka sana huwa na retina iliyovutika na kuwa nyembamba, na mwenye jicho hilo, akifika utu uzima, yumo katika hatari kubwa zaidi ya retina kubanduka, ya presha ya macho na ya kuharibika kwa sehemu ya katikati ya retina. Kwa hiyo wataalamu wameuliza swali la pili: je, kurefuka kwenyewe kunaweza kupunguzwa kasi?

Miongoni mwa majibu yaliyopatikana ni lenzi za usiku. Hizi ni lenzi ngumu, ndogo, zinazopitisha hewa. Mtoto huvaa anapokwenda kulala na kuzivua anapoamka. Wakati wa usingizi, lenzi hubadilisha umbo la konea kwa kuifanya iwe bapa kidogo katikati. Asubuhi mtoto huona mbali bila miwani, na huendelea hivyo mchana kutwa. Akiacha kuzivaa, konea hurudia umbo lake baada ya muda mfupi. Basi lenzi hizi hazimponyi mtoto, wala haziwezi kulifupisha jicho lililokwisha kurefuka.

Faida yake kubwa ni kupunguza kasi. Katika utafiti uliofanyika Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2012, watoto wa umri wa miaka 6 hadi 10 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walivaa lenzi za usiku, wengine miwani ya kawaida. Baada ya miaka 2, macho ya waliovaa miwani yalikuwa yamerefuka kwa wastani wa milimita 0.63, na ya waliovaa lenzi kwa milimita 0.36. Kasi ilipungua kwa takriban asilimia 43, lakini haikusimama.

Hata hivyo, kila mzazi anapaswa kuujua upande wa pili. Lenzi inayolaliwa inaweza kuingiza vijidudu kwenye konea, na kidonda cha konea kinaweza kuacha kovu linalopofusha. Makadirio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2013 yalionyesha takriban watoto 14 kwa kila 10,000 wanaopata maambukizi hayo katika mwaka mmoja wa kuvaa. Idadi ni ndogo, lakini aliyepatwa hana jicho la akiba. Adui mkubwa ni maji. Lenzi haioshwi kwa maji ya bomba, ya kisima wala ya mvua, hata yakiwa meupe kama lulu, na kamwe hailowanishwi kwa mate. Husafishwa kwa dawa yake maalumu tu, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni na kukaushwa. Jicho likiuma, likiwa jekundu au likiogopa mwanga, lenzi ivuliwe na mtoto apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo, lenzi za usiku si bidhaa ya kununua dukani au kwa mchuuzi. Huhitaji mtaalamu mwenye mashine ya kupima umbo la konea, marudio ya mara kwa mara, fedha za kubadilisha lenzi, na mzazi wa kusimamia kila usiku. Familia isiyoweza kutimiza hayo isijione imemnyima mtoto haki yake. Zipo njia nyingine, kama vile matone ya atropini yenye nguvu ndogo, ambayo nayo hutolewa kwa uamuzi wa daktari wa macho.

Na ipo njia isiyouzwa. Huko Guangzhou, China, shule ziliwaongezea wanafunzi wa darasa la kwanza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka 3, takriban watoto 30 katika kila 100 wa shule hizo walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, ilhali katika shule nyingine walikaribia 40. Mwanga wa mchana hulinda jicho. Mtoto anayecheza uwanjani hapotezi muda. Simu na giza la chumbani ndivyo vipunguzwe.

Lakini yote hayo hutanguliwa na kipimo. Uchunguzi wa wanafunzi wa sekondari jijini Mwanza, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta takriban 6 katika kila 100 wana upungufu mkubwa wa kuona unaorekebishika kwa miwani, wengi wao wakiwa hawaoni mbali. Waliokuwa na miwani hawakufika theluthi. Miwani haiharibu macho kama inavyosemwa vibarazani. Kumnyima mtoto miwani ndiko kunakomharibia masomo.

Basi mwalimu amwonaye mtoto akikunja uso amjulishe mzazi, na mzazi aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, akaelekezwe penye huduma ya macho. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa jicho, ukishabomoka, hauna fundi wa kuurudisha kama ulivyokuwa.